Nchi ya Waliokiri Kulala

Nchi ya Msingini haimo katika ramani, na hata kama imo mimi nisingeiona, maana shule niliiacha darasa la tano nikaenda kushika randa. Nilivyofika huko si habari ya maana. Nilifika, nikakaa miezi minne, nikarudi. Ninachoandika ni kile nilichokiona kwa macho na kukishika kwa mikono hii ya useremala. Pale hasira itakaponizidi, msomaji anivumilie. Nilikuwa nimezika mke miaka miwili kabla, na waliosababisha nimzike bado wana ofisi zao na viti vya kuzunguka.

Jambo la kwanza analoliona mgeni Msingini ni wingi wa nyumba. Kila mtu ana kibanda chake, mume chake na mke chake, hata mtoto mchanga hujengewa chake siku ya kuzaliwa, kikiegemezwa kwenye ukuta wa mama. Nilidhani ni kujidai. Si kujidai. Katika nchi ile mtu na kibanda chake ni kitu kimoja. Kibanda kikianguka, mwenyewe anakufa papo hapo, awe wapi awe. Wiki yangu ya kwanza nilikuwa sokoni, mbele yangu mwanamke anakata mkungu wa ndizi. Kishindo kikasikika mtaa wa pili. Yule mwanamke akaketi chini taratibu, kisu mkononi, akafa. Wateja waliweka ndizi zao chini, wanaume wakavua kofia, na kila mtu akageuka kutazama upande kilipo kibanda chake.

Kinachoangusha vibanda ni fuko. Si huyu fuko wetu wa mashamba ya mihogo. Huyo wa kwao haonekani, hafukuziki, na akishaingia chini ya nyumba hatoki mpaka mwisho. Hupita ukuta kwa ukuta watu wanapooana na kuunganisha vibanda, au kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto siku ile ya kuegemeza. Anakaa miaka anakula msingi kimyakimya, na mwenyewe anapika, anacheka, anakwenda harusini.

Dawa yake ni vigingi. Kila asubuhi jua likichomoza, mwenye nyumba hung'oa vigingi vya jana kwenye kona ya msingi na kupigilia vipya vitatu, kimoja cha mti mweupe, kimoja mweusi, kimoja mwekundu. Utomvu wa miti hiyo humzuia fuko asile, lakini hukauka baada ya siku moja. Kwa hiyo ni kila siku, saa ileile, maisha yako yote. Vigingi hutoka ghala la serikali.

Walionipokea walikuwa mtu na mkewe. Mke aliitwa Siwema, mfinyanzi wa vyungu, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwenye kauli fupi. Mume aliitwa Ngwali, msemaji, mshona viatu. Vibanda vyao vilishiriki ukuta mmoja, kama desturi yao ya ndoa. Siku niliyoingia niliona mlango wa Siwema hauingii kwenye fremu kwa juu. Fundi haambiwi. Nikamwambia, "Bi Siwema, nyumba hii imeinama."

"Vidole vinne," akasema. "Mwezi uliopita ilikuwa vitatu. Kaa, fundi, chai inapoa."

Ngwali ndiye aliyenipa historia, tukiwa tumekaa nje yeye anatoboa ngozi. Zamani, alisema, kulikuwa na mti mweupe peke yake. Serikali iliuleta, kigingi kimoja kwa nyumba kwa siku, na ngoma zikapigwa wiki nzima. Nyumba zilizoinama zikanyooka. Mwaka haukuisha, zikaanza kuanguka tena.

"Fuko aliuzoea?" nikauliza.

"Yeye mwenyewe hazoei kitu. Anazaa, fundi! Anazaa kila siku. Katika watoto elfu hutoka mmoja jino lake limekaa vingine, kimakosa tu, kama mtoto wa kengeza. Ukiweka mti mmoja, wote wanakufa njaa isipokuwa huyo mwenye jino la makosa. Huyo anabaki peke yake na chakula chote. Sasa nani atazaa?"

"Yeye."

"Ee. Wakaongeza mti mweusi, wakawa wawili. Afadhali kidogo, halafu yaleyale. Mpaka walipokuja na mitatu kwa pamoja ndipo tukapumua. Kumpata mtoto mmoja mwenye makosa matatu mdomoni kwa mara moja, hiyo ni kazi."

Kwa hiyo sheria kuu ya nchi ile ni mitatu kwa pamoja, bila kukosa. Watoto huiimba wakiruka kamba. Imeandikwa kwa rangi ya buluu ukutani mwa kila ghala. Na hapa ndipo mimi nilipoanza kuwaelewa wakubwa wa Msingini, kwa kuwa nina wakubwa wangu wa kwetu ninaowafahamu.

Siwema alipojifungua binti yao Tunu, miaka ishirini iliyopita, serikali ilikuwa na mpango wa kuokoa vibanda vya watoto. Afisa alikuja siku ya kujifungua, akapigilia kigingi chekundu kwenye msingi wa mama. Kimoja. Chekundu peke yake. Kibanda cha mtoto kilisalimika, na Tunu yu hai mpaka leo, ameolewa mji wa mbali. Afisa akapiga picha, akaondoka. Msingi wa mama ukabaki na fuko aliyeonja mti mwekundu bila miti mingine miwili ya kumzuia. Baadaye mpango ule ulibadilishwa, wakasema sasa tumegundua njia bora. Hakuna aliyerudi kwa akina mama wa mpango wa kwanza kuwaambia walichoachiwa chini ya nyumba zao.

Kisha, miaka minne nyuma, ghala lilikosa vigingi vyeusi siku arobaini. Watu walipewa vyeupe na vyekundu, wakaambiwa waendelee hivyohivyo wasikate tamaa. Siwema alihesabu siku zile kwa mistari ya mkaa ukutani. Nimeiona. Ni arobaini na moja.

Sasa niieleze ile desturi iliyonifanya nishike kalamu.

Nyumba ikiinama vidole vitatu, mwenyewe anaruhusiwa kuomba mti mpya. Upo mti mmoja mgumu kuliko yote, wanauita mti wa chuma, umeletwa karibuni kutoka mbali, na kwa wakati ule ulitolewa tu kwa nyumba zilizoinama. Lakini huupati kwa kuomba. Unakwenda mbele ya Baraza la Vigingi. Katikati ya ukumbi umetandikwa mkeka. Unalala juu yake, unafumba macho, unasema kwa sauti: "Nilipitiwa na usingizi, vigingi vikakosa mkono wangu." Wajumbe wanapiga makofi mara tatu na kusema, "Amka!" Unaamka, unapewa hati, unakwenda ghalani kuchukua mti wa chuma. Mkeka ule umechakaa mahali pamoja tu, pale vichwa vinapokaa.

Usipokiri, unarudishwa nyumbani na vigingi vyako vya zamani ukajitafakari mwezi mzima. Vikao ni vitatu. Ukikataa mara ya tatu unaandikwa mkaidi, na mkaidi hana mti wa chuma.

Mwaka uliotangulia walikuwa wamekiri watu elfu moja na mia mbili. Kwa hesabu hiyo Waziri alitoa hotuba kwamba vigingi vya Msingini havijawahi kushindwa hata mara moja, tatizo la taifa ni usingizi. Akaagiza kengele kubwa ya shaba ya kuamshia watu. Niliisikia kila asubuhi. Siwema alikuwa ameshapigilia vigingi vyake kabla haijalia.

Alikuwa amekataa kukiri mara mbili. Kikao cha tatu kilikuwa kimebakiza wiki tatu.

Siku moja tunapakia vyungu, akaniuliza bila kunitazama, "Wewe fundi, mkeo alikuwa na nini?"

Nikamwambia. Kwetu hakuna fuko, kuna virusi vya UKIMWI, na vigingi vyetu ni vidonge. Vidonge vikaacha kumfaa. Kipimo kikasema virusi vimepanda, nesi akamwambia, mama wewe humezi. Akasema anameza. Wakampeleka kwenye ushauri, kikao cha kwanza, cha pili, cha tatu. Mwisho akasema basi, simezi, ili wasonge mbele. Walipokuja kumbadilishia dawa alikuwa hawezi tena kusimama.

"Na wewe ulimwamini?"

Nilifunga kamba ya tenga. Nikaifungua, nikaifunga tena.

"Kuna siku alikuwa anaoga," nikasema, "nikahesabu vidonge vyake."

"Vikatimia?"

"Vilitimia."

Alinisogezea chungu kingine.

Sasa mimi sijui kusoma vitabu vikubwa, lakini mbao najua kuzisoma. Nilichukua vigingi alivyong'oa asubuhi moja nikavikagua. Kigingi kikitafunwa kikiwa kibichi, jino hupita laini, nyuzi zinakatika sawasawa. Kikitafunwa baada ya kukauka, hupasuka na kuacha meno ya msumeno. Vigingi viwili vya Siwema, chekundu na cheupe, vilitafunwa vikiwa vibichi kabisa. Maana yake vilipigiliwa kwa wakati, na fuko hakujali. Cheusi kilikuwa na mikwaruzo tu.

Ngwali aliniambia yupo mtu mjini anayesoma meno kwa kazi, mwajiriwa wa serikali. Nikaenda. Anaitwa Mwatumu, bibi mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ofisi yake iko nyuma ya ghala karibu na choo. Vyumba vitatu vimejaa vigingi mpaka darini, kila kimoja na karatasi yenye jina.

Nilimpa vya Siwema. Alivigeuza chini ya dirisha muda wa kunywa kikombe kimoja cha kahawa.

"Mwekundu, amejifunza siku nyingi, jino la zamani hili," akasema. "Mweupe, miaka mitatu au minne. Mweusi bado anahangaika nao. Huyu mtu apewe chuma, akichanganya na mweusi, nyumba itasimama. Lakini asikose siku. Vinavyofanya kazi ni viwili tu, hata kama anapigilia vitatu."

"Sasa, bibi, ikiwa wewe unasoma kwa dakika chache hivi, mkeka wa nini?"

Alicheka mpaka miwani ikashuka. "Fundi, soma hayo majina." Nikasoma. "Wote hao marehemu. Sheria inaniruhusu kusoma meno ya nyumba iliyokwisha kuanguka. Ni utafiti. Kila mwaka naandika taarifa. Miaka ya kwanza niliandika, wamejifunza mweupe. Wakabadilisha utaratibu. Kisha nikaandika mwekundu, mwekundu, mwekundu, hata kwa vijana walioanguka wakiwa na vigingi vyao vya kwanza kabisa, wamerithi fuko aliyekwisha kufundishwa kwingine. Sasa wanataka mwakani kila nyumba ipewe chuma. Ni jambo jema, naunga mkono. Nimeomba kitu kimoja tu, tusome meno kwanza tujue chuma kinaingia na wenzake gani."

"Wakasemaje?"

"Waziri alisema kusoma meno ni kuutilia shaka mti mpya." Akafungua mtoto wa meza, akatoa vigingi saba vya rangi ya kijivu, vizito kama nondo. Kwenye vitatu kulikuwa na vidoa vidogo vya meno, si virefu kuliko ukucha. "Hivi ni chuma. Vya mwaka huu. Usimwambie mtu umeviona, utanikosesha ugali wangu."

Akaniandikia usomaji wa Siwema kwenye karatasi, akaipiga muhuri. "Peleka. Hawatakubali, lakini peleka."

Siku ya kikao ukumbi ulijaa. Mwenyekiti alikuwa Mkaguzi Shamte, mtu nadhifu, amevaa timazi ya shaba shingoni kama nishani. Ndiyo alama ya kazi yao, kupima nyumba imeinama vidole vingapi. Kabla ya Siwema walilala watu wawili, wakaamshwa, wakaenda zao na hati. Mmoja alikuwa anapiga miayo ya kweli.

"Bi Siwema," akaita Shamte, "hii ni mara ya tatu. Mkeka ndio huo."

"Nauona, mheshimiwa."

"Basi?"

"Sikulala."

Watu wakaguna. Mama mmoja nyuma akapaza sauti, "Lala, shoga, twende tukapike!" Kicheko kikapita ukumbi mzima.

"Nyumba yako imeinama vidole vitano sasa," Shamte akasema. "Vigingi havikosei. Kwa hiyo nani amekosea?"

"Miaka ishirini iliyopita mlipigilia chekundu peke yake. Miaka minne iliyopita mlikosa vyeusi siku arobaini na moja."

Shamte akamtazama karani. Karani akafunua daftari, akasema, "Ghala halikuwahi kukosa vyeusi, mheshimiwa. Imeandikwa hapa, vilichelewa."

Nikasimama. Nikasema mimi ni fundi seremala, nikaeleza habari ya mbao mbichi na mbao kavu, nikainua vigingi wote wavione. Nilisema polepole ili nisitukane. Nilipomaliza Shamte akaniuliza kama nina cheti. Nikasema nina mikono. Watu wakapiga makofi kidogo. Nikatoa karatasi ya Mwatumu.

Aliisoma yote, nilimwona. Macho yake yalirudi juu akaisoma mara ya pili. Kisha akaikunja. "Usomaji wa meno ni wa nyumba zilizoanguka," akasema. "Hii bado imesimama. Karatasi hii imekuja mapema." Akasimamisha kikao kwa muda, akaniita varandani.

"Fundi, unadhani mimi mjinga?" akaniambia kwa sauti ya chini. "Nimeongoza baraza hili miaka tisa. Nikiandika kwamba mtu alipigilia vitatu kila siku na nyumba bado ikainama, habari itafika sokoni kabla ya adhuhuri. Watu watasema, basi vya nini? Wataacha. Maelfu ya nyumba zimesimama kwa kuwa watu wanaamini. Wewe ungeandika?"

Neno hilo ninaliandika hapa kwa haki, kwa sababu lilikuwa la mtu aliyelifikiria. Nikasema, "Wanaoamini ndio hao mnaowaita wazembe."

"Mke wangu mwenyewe alilala kwenye mkeka ule," akasema. "Hakuwahi kukosa hata siku moja, najua, ninaishi naye. Alilala, akaamka, akapewa chuma, leo yupo nyumbani anasonga ugali. Mwambie mama huyu alale."

"Na kibanda chako wewe? Si mna ukuta mmoja?"

Akaishika timazi yake. "Mimi ni mkaguzi," akasema. "Chuma changu nakipata."

Tukarudi ndani. Ngwali alikuwa amepiga magoti mbele ya mkewe, mtu mzima yule, mbele za watu.

"Mama Tunu, mimi nimekuomba nini miaka yote hii?"

"Umeniomba mengi, baba Tunu. Chumvi kila siku."

Watu wakacheka, yeye hakucheka. "Basi ongeza hili. Lala. Ni maneno tu."

"Si maneno tu. Nikilala pale wataandika fuko wangu hajajifunza kitu. Na wa kwako ni mtoto wa wangu. Wewe watakuacha na chekundu mpaka uanguke."

"Mimi nyumba yangu imenyooka. Ya kwako itaanguka wiki hii au ijayo. Nikishona viatu nisikie kishindo, mama Tunu, nitafanyaje?"

Siwema akavua kanga ya kichwani, akaikunja, akaiweka pale mkeka ulipochakaa, maana hakutaka kichwa chake kiguse. Akalala. Akafumba macho. Akasema yale maneno yote bila kukosea, kwa sauti ya mtu anayesoma bei ya chungu. Wajumbe wakapiga makofi mara tatu. "Amka!"

Akaongezwa juu ya wale elfu moja na mia mbili.

Mti wa chuma, uliochukua nafasi ya chekundu, ulifanya kazi, sitaki kuudhulumu. Mwezi haukuisha nyumba ya Siwema iliacha kuinama. Vidole vitano vikabaki vitano, kisha vinne na nusu. Mlango ulianza kufunga. Nikamrekebishia fremu.

Ngwali akaenda barazani kuomba naye chuma. Shamte alikuja mwenyewe, akaning'iniza timazi kwenye kona ya kibanda. Nyumba ilikuwa imeinama kidole kimoja.

"Sheria ni vitatu," akasema.

"Lakini ukuta ni mmoja, mheshimiwa. Fuko ni wa ukoo mmoja."

"Fuko wa mkeo hajajifunza kitu, mzee. Mkeo alilala. Ameungama mwenyewe, na wewe ndiye uliyemwomba." Hakusema kwa kejeli. Alisema kama mtu anayesoma kipimo. "Mwakani nyumba zote zitapewa. Vumilia."

Nilipopima mimi baada ya wiki mbili, kilikuwa kidole kimoja na nusu. Na mvua za vuli zilikuwa zinakaribia, ambapo udongo hulainika na nyumba zilizolika chini huanguka kwa wingi.

Katika siku zangu za mwisho niliamka mapema nikapite kuwasaidia kupigilia. Nilifika kona ya Siwema nikakuta mashimo matatu, lakini vigingi viwili. Cheupe na cheusi. Shimo la chuma halikuwa na kigingi, limefukiwa udongo kwa kidole. Nikazunguka upande wa pili. Ngwali alikuwa amechuchumaa kwenye msingi wake, nyundo mkononi, na mbele yake kigingi cha kijivu.

Alishtuka kama mwizi. Siwema alitoka mlangoni nyuma yangu, mikono yake ina udongo wa finyanzi.

"Siku moja kwake, siku moja kwangu," akasema kabla sijauliza.

"Tangu lini?"

"Siku ya kumi leo."

Nikawaza vile vidoa kwenye mtoto wa meza wa Mwatumu. "Bi Siwema, hivi ndivyo fuko atakavyojifunza chuma. Siku moja kipo, siku moja hakipo. Wewe na yeye, nyumba zote mbili. Na atakayempata baada yenu atampata amekwisha kufundishwa."

"Najua, fundi. Nani asiyejua? Tunaimba toka utotoni."

"Sasa kwa nini?"

"Bila chuma hafiki mwisho wa mvua. Nikipigilia changu kila siku nitabaki nimesimama, namfinyangia nani? Kwa baraza ameshapimwa, bado hajafika vidole vitatu." Akajifuta mikono kwenye gauni. "Miaka ishirini sikukosa hata siku, wakaniandika mzembe. Leo nakosa, na imeshaandikwa. Hakuna kipya nitakachowaambia."

Nilitaka kusema neno la busara. Nilikuwa na mengi ya kuwasema Waziri, na Shamte, na karani mwenye daftari la vilivyochelewa, na hayo yote ningeyasema kwa kelele. Lakini hawakuwa pale. Pale tulikuwa watatu, na kigingi kimoja.

"Ungekuwa na kidonge kimoja," Siwema akasema, "na mkeo amelala kitandani, vyake vimekwisha, ungemwambia avumilie mpaka mwakani?"

Nikamgeukia Ngwali. Kigingi alichokianza kilikuwa kimekwenda upande. Kingeingia hivyo kisingefika kina kinachotakiwa. Nikachuchumaa, nikaking'oa, nikakinyoosha, nikachukua nyundo mkononi mwake. Nilikipiga mara sita mpaka kikazama sawasawa na msingi. Siku ya pili ilikuwa zamu ya Siwema, na cha kwake nikakipigilia vilevile.